Mitungi Miwili ya Mama

Watu wa Didia wakikumbuka muziki wa baba yangu, Masele, husema hawajasikia tena sauti tamu kama ile. Nawaacha waseme. Redio ilikuwa ya baba, lakini sauti ilikuwa ya mama, na wa kulisema hilo nimebaki mimi.

Mama aliitwa Generoza. Alipoolewa, bibi mzaa mama, aliyekuwa mfinyanzi, alimpa mitungi miwili mikubwa. Mmoja ulitupozea maji ya kunywa, wa pili ulitunza mbegu za choroko. Katika nyumba ile hakuwa na kingine alichoweza kukiita chake.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, baba alirudi kutoka mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu na redio kaseti, betri ya gari, na spika moja kubwa ndani ya sanduku la mbao. Tulishangilia mpaka alipoiwasha. Ilikwaruza masikio kama debe linaloburutwa kwenye changarawe. Baba akamtukana fundi, akalipiga sanduku teke, akaenda kilabuni. Ikawa ndiyo desturi yake, na siku nyingine hakurudi kulala.

Mama hakugomba. Alitaka mume wake akae nyumbani, basi. Mwanamke gani hataki hivyo? Baba akiondoka, yeye anawasha redio, anagongagonga sanduku, anasikiliza. Siku moja akaichomoa spika, akamwaga choroko zake, akailaza spika juu ya mdomo wa mtungi. Sauti ikawa nzito, ila ilivuma kama ya mtu aliye kisimani. Pamba ya msimu ilikuwa bado ndani. Akachukua pamba safi, ile ya kuuza, akaichambua mbegu kwa vidole, akaitia mtungini kidogo kidogo, akiongeza, akipunguza, mpaka gitaa zito likatulia na mwimbaji akasikika kana kwamba ameketi nasi mkekani.

Baba alipoingia alisimama mlangoni, akavua kofia. "Mama Paskazia, umeifanya nini hii?"

"Nimeipa mahali pa kukaa tu, Baba Paskazia," mama akajibu, akicheka.

Kilabu akakisahau. Msimu ule wote alikaa nyumbani, na mama akanawiri. Sikumwona tena akiwa na furaha ile.

Majirani wakaja, wakasifu, na baba akawaambia bila haya, "Hii ni akili yangu." Mama alikuwa palepale akiwagawia togwa. Akaendelea kumimina. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wakaanza kumwita kwenye sherehe za mbali, naye akapakia redio, betri na mtungi kwenye lori la pamba. Huko Nyahanga, Kahama, alipiga muziki kwenye harusi ya watu, akampata Euphrasia. Akamwoa, akahamia kwake. Nasikia siku ya harusi yao wageni waliisifu sana sauti. Walicheza kwa mtungi wa mama yangu!

Mwaka uliofuata, mchana wa kiangazi, baba akatokea uani. Mama aliutupa mchi, akajifuta uso kwa kanga.

"Karibu, Baba Paskazia! Keti. Paskazia, kamata jogoo."

Baba hakuketi. "Ule mtungi umepasuka. Nimenunua mpya, haufai, unalia kama bati. Nipe ule wa maji. Na pamba kidogo."

Nilimkata jicho. Nilitaka mama amfukuze kwa mchi uleule. Badala yake aliniagiza debe, akayamimina maji, akaukausha mtungi kwa kanga yake, kisha akakaa chini kumchambulia pamba.

"Usiishindilie," alimwelekeza taratibu. "Ukiishindilia, sauti inakufa."

Baba akaitikia kwa kichwa, akajitwika mtungi, akaondoka. Jogoo tukamwachilia aende zake.

"Mayu, kwa nini umempa?" nilimuuliza mama kwa hasira.

"Njia ya huku ameikumbuka," alisema. "Atarudi."

Hakurudi. Mama alimngoja miaka yote aliyobakiza duniani, nami hasira yangu haijaisha mpaka leo. Alipokuwa mgonjwa, homa imemkausha midomo, aliniomba maji ya baridi. Nilimchotea ya kwenye debe, jua la Shinyanga limeyachemsha tangu asubuhi. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akaniuliza kama kuna mtu aliyeingia uani.