Ngozi za Sili Zilizofika Bertrams

Mwaka 2015 nilikuwa nauza kofia na soksi za baridi kando ya barabara pale Bertrams, jijini Johannesburg. Chumba kilichopakana na changu alipanga fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, na tulikuwa tukipika pamoja karibu kila siku. Yeye alikuwa na karatasi ya ukimbizi tu. Mimi, Mtanzania, nilikuwa na pasipoti. Ndiyo maana tulipoamua kufanya biashara ya manyoya, msafiri nikawa mimi.

Wazo alitupa dereva mmoja wa lori, mteja wangu. Alisema kule Namibia, jangwa linapokutana na bahari, watu wanauza ngozi za sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya mafupi yaliyoshonana.

"Baridi ya Joburg mnaijua," alisema. "Nani atakataa kofia ya hivyo?"

Nikapanda basi, kisha lingine. Mji niliofikia ulikuwa na ukungu mzito na upepo uliobeba mchanga. Sikusikia mtu hata mmoja akiongea lugha yangu, nikajiuliza kama nina akili timamu. Lakini mama aliyeuza ngozi alinikaribisha chai, akanisaidia kupata vibali, na nilipopitisha mkono juu ya manyoya yale, wasiwasi uliniisha. Nikachukua zile za bei nafuu, zilizopakwa chumvi tu. Sikujua kwamba bado ni mbichi.

Bertrams walijua haraka. Siku ya pili mwenye nyumba alikuja ameziba pua kwa mtandio.

"Eish! Mmeficha maiti humu?"

"Hapana, mama," fundi akamjibu kwa heshima zote. "Ni kofia."

Mama yule alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza ngozi za ng'ombe. Mzee akazisafisha, akazilainisha, na harufu ikaisha.

Fundi alishona kofia ya kwanza akaivaa kanisani Troyeville, na suti yake ya rangi ya maziwa. Wakongo wanapenda kupendeza, na Jumapili ile ilikuwa ya baridi kali. Ibada ilipokwisha, watu walimzunguka zaidi ya walivyomzunguka mchungaji. Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda pwani ile kila mwaka kabla ya kipupwe, na yule mama aliniletea chai kabla sijauliza bei.

Mwaka wa tatu nilimkuta fundi anashona koti refu la kike. Mteja mmoja aliliona akalitaka palepale.

"Hii si ya kuuzisha, mama," fundi alisema. "Ni ya bibi yangu."

Nikadhani ni nyanya yake, nikashangaa kwamba bado yupo hai. Kumbe kwao bibi ni mke. Mke wake alibaki Bukavu miaka yote ile, na sasa, baada ya kuhangaika sana, amepata njia ya kuja. Hakuwahi kunitajia. Nadhani aliogopa kwamba akilisema halitakuwa.

Mkewe alifika mwezi wa saba, akiwa na kanga mbili na sweta jepesi. Tulimpokea kituo cha basi, anatetemeka. Fundi hakuweza hata kumsalimia vizuri. Alimvisha koti kwanza. Lilimmeza. Mikono ilipita vidole, mabega yakaanguka. Alikuwa amempima kwa kumbukumbu, na mwanamke yule alikuwa amekonda.

"Samahani, mama," fundi alisema, macho yamemjaa machozi. "Nipe, nitalipunguza leo leo."

Mke akalishika kwa mikono miwili, akajifunika mpaka kidevuni.

"Uache tu. Mimi ndiye nitanenepa."

Tukacheka wote watatu, watu wakatugeukia. Nilibeba begi lake, wao wakatangulia wameshikana mikono. Njiani aliuliza huyu mnyama anaitwaje na anakula nini, na mume wake, ambaye hajawahi kuona sili maishani, akamweleza yote bila kusita.