Mpya Kulia, Mzee Kushoto

Gari langu la kwanza lilikuwa jekundu, la milango miwili, na tumbo lake lilikaribia ardhi kama la kenge. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, la aina ile ambayo vijana wa mjini waliiita gari la spoti, na mpaka leo sijui nani aliniroga nikaamini kwamba linafaa kwa barabara za Bariadi. Lakini nililipenda. Nililipenda kama mtu anavyompenda mchumba aliyekataliwa na ukoo mzima.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Pamba, ambayo tangu tupate akili ilinunuliwa na ushirika peke yake, ghafla ikaanza kugombewa na watu waliokuja na mizani yao, malori yao na maneno matamu. Mimi nilikuwa wakala wa mmoja wao. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia vituo vya kununulia, leo Nkoma, kesho Lalago, na nilizunguka na gari hilo hilo kila siku ya Mungu. Pale Nkoma wakulima waliacha foleni ya mizani ili wanitazame ninavyovuka korongo, wakibishana kama nitatoka. Nikitoka walicheka, nikikwama walikuja kusukuma, wakacheka zaidi. Siku hizi lami imefika na vijana wanapita wamefunga vioo, na mimi nakumbuka vicheko vile hadi moyo unaniuma.

Mtu mmoja tu hakulitazama gari langu, naye ni baba.

Alikuwa na sababu. Nilipomwambia nataka kujitegemea, alinipa maksai wawili aliowafundisha jembe yeye mwenyewe, mmoja mweusi na mmoja wa madoa. Aliniwekea kamba zao mkononi mbele ya mama. Haikupita miezi mitatu nikawauza, nikaongezea nilichokuwa nacho, nikanunua gari. Sikumwambia. Alisikia mnadani kutoka kwa watu, kama mtu wa pembeni. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitesa, maana baba alikuwa na ulimi mkali hata kwa mbuzi. Alimwambia mama neno moja tu, kwamba yeye hawezi kupanda gari la kukalia chini kama yuko msibani. Mwaka mzima alilipita uani kama anavyopitwa mbwa wa jirani. Nami nilitaka kitu kimoja tu: baba aingie mle ndani, akae, hata kama ni mpaka kisimani na kurudi.

Basi msimu wa pamba ulipokaribia, matairi mawili yakawa kipara kabisa, nyuzi zinachungulia. Nikaenda kwa fundi wangu karibu na soko. Mawili yaliyobaki yalikuwa na kashata, yale meno ya tairi, ya kuridhisha, na kwa saizi yangu alikuwa na mapya mawili tu. Pembeni alikuwa na mengine manne, marefu, ya pikapu, na akanishauri niyachukue hayo ili niepukane na mawe.

"Yataingia?" nikamuuliza.

"Yataingia. Kukata kona ndiyo sijui."

Tulikuwa bado tunabishana, gari liko juu ya jeki, nilipoona kivuli kimesimama karibu yetu. Alikuwa baba, amekuja gulioni kununua chumvi ya ng'ombe. Alitusalimia, "Mwadila," tukaitikia. Nilidhani atapita. Hakupita. Aliweka mfuko wa chumvi chini, akachuchumaa mbele ya matairi.

Sitasahau alivyoyachagua. Aliyaminya kwa vidole gumba viwili, kama anavyominya paja la ndama mnadani. Aliyanusa. Akaingiza kidole kwenye kashata kuona kimezama kiasi gani, akaligonga kila moja kwa ngumi huku ameinamisha sikio. Yale ya pikapu aliyakataa mara moja. "Hawa wana miguu mirefu," akasema. "Watamchosha." Kisha akayavuta yale mapya mawili kando. "Hawa ndio. Bado wabichi, lakini wana mfupa."

Fundi akashika spana, akaanza kueleza kwamba mapya mawili yatakwenda mbele na ya zamani nyuma. Baba akamtazama kwa huruma.

"Umewahi kulima wewe? Mpya hafungwi na mpya. Watakimbia wote wawili, nani atamfundisha mwenzake? Mpya anafungwa na mzee. Mpya kulia, mzee kushoto, mbele hivyo na nyuma hivyo."

Ndivyo maksai wanavyofungwa kwetu, na hakuna mtu wa Simiyu atakayekuambia vingine. Ndama mbichi anafungwa nira moja na mzoefu, na baada ya wiki mbili anajua kugeuka mwisho wa shamba bila kuchapwa. Fundi alinitazama. Alijua, nami nilijua. Tairi jipya ni kubwa kuliko lililolika, na ukiyaweka hivyo gari litavuta upande mmoja mpaka kiama.

Lakini mkono wa baba ulikuwa umeegemea mlango wa gari langu. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameligusa.

"Funga anavyosema namhala, mzee wangu," nikamwambia fundi.

Fundi akafunga. Baba akayachukua yale mawili yenye kipara ili akachonge katambuga, akatafuta baiskeli ya kumbebea, akaondoka ameridhika.

Msimu ule nilikiona cha mtema kuni. Gari lilivuta kushoto, kila dakika linautafuta mtaro, nami navuta usukani kulia kutoka Bariadi mpaka Nkoma na kurudi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, watu husema, mimi nililemewa. Jioni nilishindwa kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Fundi akiniona barabarani alinipungia mkono wake ameupindisha, mshenzi yule. Lakini nikienda nyumbani baba alitoka sasa kuja kulitazama gari. Aliyapiga matairi teke kidogo, akauliza, "Vipi, wamezoeana?"

"Wamezoeana, baba."

Pamba ilikuwa inakaribia kwisha mashambani asubuhi moja alipofika kwangu mjini, amevaa katambuga zilizochongwa kutoka matairi yangu mwenyewe.

"Unakwenda Nkoma leo?"

"Nakwenda."

"Nipeleke nikamwone shangazi yako."

Nilimfungulia mlango. Aliingia kwa kutanguliza mguu, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Hakusema kitu kuhusu msiba. Nilitoka mjini polepole, nimefurahi hadi najionea aibu, nikimwonyesha dirisha linavyopanda na kushuka.

Tulikuwa hatujafika mbali aliposema, "Linavuta kushoto."

"Kidogo tu, baba."

"Si kidogo. Nimeshika jembe tangu sijaota ndevu, naujua mkono unaovutana na kitu. Wako haujapumzika tangu tulipotoka." Akachungulia nje, upande wa gurudumu. "Ni matairi?"

Nilitaka kusingizia barabara. Sikuweza.

"Ni matairi."

"Fundi alijua?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema, ng'wanone?"

Alikuwa hajaniita mwanawe tangu maksai waondoke. "Ulikuwa umeligusa," nikasema. "Niliogopa ukiondoa mkono hutaurudisha."

Tulipita mashamba mawili, matatu, wanawake wakichuma pamba ya mwisho, na nilikuwa nahesabu katika moyo wangu ni neno gani lingine la kipumbavu nimebakiza kulisema.

"Wale maksai," akasema hatimaye, anaangalia mbele, "siku niliyokupa kamba zao nilijua utawauza. Mkulima huwa anawatazama miguu. Wewe ulitazama barabara."

"Sasa mbona ulinipa?"

"Ulikuwa unaondoka. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa." Akapangusa vumbi kwenye goti. "Kuwauza hakukuniuma. Nilisubiri uje uniambie. Mwaka mzima nasubiri."

Nilisimamisha gari pale pale, katikati ya njia. Nyuma yangu mkokoteni nao ukasimama, mwenye punda akaanza kulalamika.

"Baba," nikasema, "maksai wako niliwauza."

"Haya," akasema. "Nimesikia. Twende, shangazi yako anasubiri."

Kwa shangazi tuliyabadilisha matairi, mapya mbele, ya zamani nyuma, baba mwenyewe akizungusha jeki na kunifundisha kazi kana kwamba wazo ni lake. Tulipoondoka gari lilinyooka. Mkono wangu tu ndio uliokuwa haujazoea. Uliendelea kuvuta kulia njia nzima, mpaka baba akaweka wa kwake juu yake na kuutuliza.