Chausiku na Pazia la Silvano

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonitia kinyaa kabla ya mengine yote. Ghala lile la zamani la mawese, karibu na mwalo wa Rumonge, wavuvi wanaposhushia samaki, lilikuwa limefungwa muda mrefu, na mabaki ya mafuta yalikuwa yamegeuka uji mweusi sakafuni. Humo ndimo Silvano, kijana mmoja mwanamuziki, alimotaka kufanya studio. Alibandika magodoro ukutani ili sauti isitoroke, magodoro aliyookota sijui wapi, yenye ramani za mikojo ya watoto wa watu. Kisha akatundika fuvu la mbuzi ambalo lilikuwa bado halijamaliza kuoza. Nikamuuliza kama hilo nalo linaimba. Akanijibu, "Dada, iyo ni sanaa." Mimi Fahima nimeuza samaki tangu ujana wangu, kitu kilichooza nakijua, na kile kilikuwa kimeoza tu.

Aliyeniingiza humo ni wifi yangu Chausiku, mke wa kaka yangu Swedi. Tunauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pamoja mwaloni, meza yake na yangu zinagusana. Chausiku ni mwembamba, mpole wa uso, na kitambaa cha kichwa hakimtoki hata jua liwe kali vipi. Halafu anafungua mdomo, na inatoka sauti ambayo hujui imepita wapi mwilini mwake.

Sauti hiyo aliipata Kigwena. Shamba la baba yake lilikuwa kando ya msitu, na tumbili walikuwa wakitoka humo kila siku kula mahindi kana kwamba wamealikwa. Baba hakuwa na mbwa, alikuwa na Chausiku. Tangu akiwa msichana mdogo alisimamishwa juu ya kichuguu akaunguruma mpaka jioni, na shuleni akaenda kwa vipande vipande. Koo likakomaa hivyo hivyo. Siku ya harusi yake, mama yangu, Bi Hadjara, aliuliza kama bibi harusi ana mafua. Mafua hayo mpaka leo hayajapona, na mimi sichoki kumtania kwa hilo.

Silvano alikuja kutoka Bujumbura na nywele zilizopakwa mafuta mpaka zinang'aa, na koti jeusi la ngozi katika joto letu la ziwani. Ukikaa naye karibu unashika pua. Kundi lake liliitwa Kaburi Wazi, na muziki wao ni wa metali, ile kali kuliko zote, gitaa zinakwaruza na ngoma zinaporomoka kama masufuria yaliyoanguka kabatini. Mpiga ngoma wao, Hamidu, ni fundi wa pikipiki wa hapa hapa, kijana mwenye adabu na pekee niliyemwona akinawa mikono. Walitaka kutoa albamu mpya na kuizungusha pwani yote ya ziwa. Shida ilikuwa moja: muziki ule unataka mtu wa kuunguruma, na Silvano akiunguruma mara mbili anakohoa kama amekwamwa na mwiba.

Basi siku moja anapita mwaloni, anamkuta Chausiku akimfukuza mteja mmoja wa wale wanaochokoa samaki kwa vidole, wananusa, wanarudisha, wanaenda zao. "Kama haununue, usiguse!" Mbwa wa mwaloni walisimama. Silvano pia alisimama.

"Mama," akasema, "iyi sauti uliitoa wapi?"

"Kwa tumbili," akajibu Chausiku, na kuendelea kupanga samaki wake.

Silvano akamwalika, na Chausiku akaingia ghalani kwa udadisi tu, na mimi nikamfuata kumlinda. Silvano akampa maneno ya kuimba. Yalikuwa ya theluji, na ngome, na wafalme waliokufa kwenye baridi. Chausiku aliyasoma kwa shida, akauliza theluji inanuka vipi. Silvano hakujua, kwa sababu naye hajawahi kuiona. "Basi miye niimbe kitu ninajua," akasema wifi yangu. Akaimba tumbili. Akaimba mahindi yaliyotafunwa nusu na kutupwa na mate juu yake, na inzi, na vidole vya watu juu ya samaki wa mtu, na yeye mtoto juu ya kichuguu anaunguruma huku wenzake wanapita na madaftari. Wimbo ukaitwa Usiguse. Sipendi muziki ule na sitaupenda, ila siku ile nywele zilinisimama, na Hamidu aliacha kupiga akawa anamtazama tu.

Mambo yalianza kuharibika albamu ilipokamilika. Kwenye picha ya jalada alikuwa Silvano peke yake, amejipaka mawese usoni ili yafanane na damu, ulimi nje. Pameandikwa: sauti, Silvano. Chausiku akauliza. Silvano akaja nyumbani kwetu mwenyewe, amefunga nywele, ameketi mkekani kwa heshima zote, akawaambia Swedi na mama yangu maneno matamu. Yeye, eti, anajua dini ya watu. Hawezi kumsimamisha mke wa mtu mbele ya vijana waliolewa pombe. Atamwekea pazia, aimbie nyuma yake, na jina lake lisitajwe ovyo.

Pazia! Kwetu pazia ni stara. Harusi zetu wanawake wanakaa nyuma ya pazia, mgeni wa heshima anawekewa pazia, na mtu akikutundikia pazia amekutukuza. Swedi alimshika mkono. Mama yangu akasema, "Murakoze, asante sana, mwanangu, umelelewa." Akamkaangia mkate kwa mawese, na yule mwizi akaula, akajilamba vidole kimoja kimoja mbele yetu.

Chausiku hakukataa. Alipenda kuimba kuliko alivyopenda jina, na pazia lenyewe halikumuudhi. Wakaenda Kabezi, wakaenda Magara, na kote nilikuwa naye nyuma ya kitambaa. Yeye anaimba hadi mishipa ya shingo inasimama. Mbele, Silvano anapanua mdomo na kutikisa nywele, vijana wanapiga mayowe. Akishuka, anajifunga skafu shingoni na kuomba maji ya asali, eti koo limechoka. Koo la nani? Wifi yangu yuko pembeni anatema mate mazito, hakuna anayempa hata maji ya bomba.

Ninajua ningeweza kuvumilia hata hayo. Lakini wiki ile ya onyesho la mwisho, la hapa Rumonge, tulikuwa mwaloni na redio imewashwa, na Silvano alikuwa anahojiwa. Mtangazaji akamuuliza Usiguse ilitoka wapi. Akasema ilitoka utotoni mwake. Alikulia Kigwena, akasema, kando ya msitu. Baba yake alikuwa maskini, alikuwa akimsimamisha juu ya kichuguu kufukuza tumbili. Sauti yake ikatetemeka kidogo hapo, mnafiki yule, na mtangazaji akampa pole.

Chausiku aliweka kisu chini. Akaenda ukingoni mwa maji akatapika. Aliporudi alinawa mikono kwanza, kisha akaniambia taratibu, "Wifi, sauti alichukua nikanyamaza. Lakini wale tumbili walikuwa wa baba yangu."

Nilimwambia asiende. Akasema ataenda.

Onyesho lilikuwa alasiri, uwanjani, na nusu ya mji ilikuwepo. Nyuma ya pazia palijaa, kwa kuwa ni Rumonge, na wanawake wa kwetu wote walijua pale ndipo mahali pao. Kuna upenyo pembeni, nikawa naona jukwaa. Walipofika kwenye Usiguse, Silvano alipiga magoti, macho amefumba, mdomo wazi mpaka unahesabu magego. Ndipo mama yangu alipofika, amechelewa kama kawaida. Akainua pembe ya pazia, na kwa sababu ya kelele akasema kwa nguvu, "Asalaam aleikum!"

Salamu ile haiachwi bila jibu, hata uwe unakula, hata uwe unagombana. Kule Kabezi, Chausiku alikuwa akiziba maikro ya kuimbia kwa kiganja akitaka kukohoa tu. Safari hii hakuziba.

"Waaleikum salaam, mama," ikatoka kwenye spika zote, ileile sauti, nzito, ya kukwaruza. "Karibu. Kaa huku iko kivuli."

Silvano alikuwa bado amepanua mdomo. Hamidu aliacha kupiga. Kutoka katikati ya watu mzee mmoja naye akaitikia salamu, na wengine wakafuata, na wanawake wa mwaloni waliokuwa uwanjani wakaanza kupiga vigelegele wakimtaja kwa jina: "Chausiku! Iyo ni Chausiku wa ndagala!" Ile sauti wanaisikia kila asubuhi, ingewapoteaje?

Silvano akasimama, akashika maikro yake kujieleza. Haikutoa kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza isiunganishwe, asije akasikika akikohoa. Akawa anasema, anasema, mishipa imemtoka, na sisi tunaona midomo tu.

"Batu ba Rumonge," akasema Chausiku, "amahoro, amani kwenu. Miye ni mutoto wa Kigwena. Baba yangu alikuwa na shamba karibu na pori, na tumbili walikuwa wetu. Uyu kijana ni mutoto wa Bujumbura. Hamidu, piga."

Hamidu akapiga. Chausiku akaimba wimbo wote toka mwanzo, nyuma ya pazia lake, kitambaa chake kichwani, na hakutoka. Hakuna aliyemtaka atoke. Watu waligeuza viti na miili, wakaelekea upande wa pazia, wakawa wanalitazama lile pazia tu.

Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akachungulia kwenye upenyo, akanigusa goti.

"Fahima, na uyu kijana pale mbele, yeye anafanyaka nini?"

Nikamwambia hata mimi sijaona.