Mjane wa Kitabuni Aliyeombewa Karurumo

Kwa sasa nasoma riwaya ya mjane anayenyang'anywa shamba lake la kahawa na shemeji zake. Nawaambia ukweli, tangu nimalize ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, sijawahi kufurahia kitabu namna hii. Juzi nilikisoma hadi githeri yangu ya mahindi na maharagwe ikageuka makaa na paka akahama nyumba. Shida yangu ni moja: sijui kunyamaza. Kitabu kizuri kikiniingia, lazima kitokee mdomoni.

Ndiyo maana nilikataa kata kata kupumzika mpaka chama chetu cha akina mama wa hapa kijijini Karurumo kiwe na wakati wa vitabu. Chama hiki hukutana kila mwezi kwa mmoja wetu. Tunaimba, tunaomba, tunatoa ushuhuda wa yale Mungu ametutendea, tunampa mwenyeji sufuria au blanketi, kisha tunakula. Mimi nilitaka nusu saa tu kabla ya chakula, kila mtu aseme anasoma nini na kinamfurahisha vipi.

Mwenyekiti wetu ana sauti ya kumwita mtu aliye mji wa mbali wa Siakago bila simu. Alinicheka nayo yote.

"Wewe msomi wa usiku, sisi tuna ng'ombe wa kukamua. Na kitabu tunacho. Ni Biblia."

"Hata hiyo, mama, tuambiane tumefika wapi."

Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake, maana mke wa mchungaji alikuwa amekaa pale pale.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Tutakujaribu mara moja. Lakini mtu mmoja akisinzia, hayo mambo yameisha, na usiyarudishe hapa tena."

Mwezi huo nilijiandaa kama mtu anayeenda kuapishwa kuwa gavana. Niliwasimulia ng'ombe hadithi hiyo, nikaisimulia na migomba. Siku ilipofika, nilisimama baada ya ushuhuda wa mwisho, huku harufu ya nduma, yale magimbi ya kuchemsha, ikitoka jikoni na kunipiga vita waziwazi.

"Bwana asifiwe!" nikasema, kwa mazoea tu.

"Amina!"

Basi, hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu ukisimama ukaanza hivyo, huo ni ushuhuda, hata ungekuwa umeshika gunia la mbolea. Nilisema wazi kwamba hiki ni kitabu ninachosoma, nikakiinua wakione. Nani alisikia? Nilipofika mahali shemeji wanamletea mjane karatasi ya kuachia shamba aweke kidole, mama mmoja alikuwa amevua kitambaa cha kichwa anajifuta machozi.

"Ana watoto?" akaniuliza.

"Wanne."

"Ngai, Mungu wangu! Asiweke hicho kidole!"

"Hana kaka zake wamsimamie?" mwingine akadakia.

Kabla sijajibu, mwenyekiti alikuwa wima. "Simameni, tumwombee." Mke wa mchungaji akaongoza, na aliomba, nawaambia, mpaka mabati yakatikisika. Aliwafunga wale shemeji mikono na miguu.

Baada ya amina nilijua lazima niseme, hata kama nusu saa yangu itazikwa hapo hapo.

"Mama zangu, huyu mjane hayuko. Ni wa kitabuni. Mwandishi alimtunga."

"Hayuko namna gani?" mwenyekiti akauliza. "Shemeji yake mimi namjua. Anakaa ng'ambo ya mto, na kaka yake ndiye aliyeniacha mimi mjane."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuondolea mzigo kwa kunyoosha mkono kwangu.

"Aliweka kidole?"

"Sijui. Sijafika huko."

"Hujafika! Umetusimamisha tukaombea mtu, na hujui alipoishia? Lete."

"Nitamaliza kwanza, halafu…"

"Lete, msomi."

Akakivuta kitabu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akatafuta mahali nilipokunja ukurasa, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno. Mwenyeji alileta nduma, akaziweka mezani, akasahau kurudi jikoni. Chai ikapoa. Nusu saa ikapita zamani.

"Wakati umeisha," nikasema, nikipeleka mkono kwa kitabu changu.

"Keti chini," mwenyekiti akasema bila kuinua macho. "Kuna mtu amesinzia hapa?"

Nikaketi.