Sura ya Saba ya Bi Ramani

Historia ya mbio za magari katika jimbo letu iliandikwa na watu waliokuwa na haraka ya kusifiana. Kijitabu cha chama cha mbio kimejaa madereva, vikombe na matangazo ya mafuta ya injini. Fundi hayumo. Aliyeketi kando ya dereva hayumo. Waliokufa ukingoni mwa njia wametengewa mstari mmoja tu: "watazamaji wakaidi waliovuka utepe." Mstari huo ndio uliomkalisha Bi Ramani chumbani, mwanamke ambaye nywele zilikuwa zimekwisha kumgeuka mvi, akaandika kitabu chake mwenyewe.

Jina hilo alilipata barabarani. Ujanani alikuwa msomaji wa njia: kakake aliendesha, naye, kichwa chini, alimsomea kila kona kabla haijafika. Kulia, kali. Usikate ndani. Kilima, shika kushoto. Kaka aliifuata sauti ile hata vumbi lilipoimeza njia yote, na dada hakuinua macho kuhakikisha kama anafuatwa. Ndivyo kazi ile ilivyo: mmoja haoni, mwingine hasomi, na uhai wa wote wawili umo katika kuaminiana.

Kwenye kona ya machimbo ya kokoto gari lao liliteleza likawaparamia watu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtoto aliyebebwa mabegani mwa babake, na babake pia. Siku iliyotangulia, walipoipitia njia polepole ili kuandika maelezo yake, utepe wa watazamaji ulikuwa upande wa ndani wa kona. Bi Ramani aliposhuka garini siku ya ajali aliukuta umehamishiwa upande wa nje, huko huko magari yanakotelezea, ili umati usizibe bango la mfadhili. Marehemu wote walikuwa nyuma ya utepe. Walisimama pale walipoambiwa wasimame.

Aliwaeleza wakuu wa chama. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakaandika walichotaka. Basi miaka mingi baadaye akayaweka yote katika sura ya saba. Wachapishaji walimrudishia mswada, mmoja wao akitaka picha zaidi za washindi, ndipo alipoupeleka kwa mpiga chapa wa kadi za harusi na kalenda.

"Mama, kitabu cha magari, na jaladani hamna gari?" mpiga chapa alimuuliza, akiitazama picha ya kona tupu.

"Gari wameliona vya kutosha. Kona ndiyo hawajaiona."

"Hakitauzika hiki. Watu watadhani ni kitabu cha ujenzi wa barabara."

"Kichape hivyo hivyo, mwanangu. Wajenzi nao wasome."

Maboksi yalipofika nyumbani, kakake alifika pia. Yeye sasa ndiye mwenyekiti wa chama.

"Dada, hata kiti hunikaribishi? Au wenye vitabu hawakai na wenye magari?"

"Keti, lakini usiniangushie hilo rundo. Wewe na kona hamkupatana tangu zamani."

Alicheka, akachukua nakala, akaisoma sura ya saba akiwa wima. Kicheko kikamkauka.

"Umeandika kweli tupu," alisema hatimaye. "Lakini yaliyopita si ndwele, dada."

"Si ndwele kwa nani?"

Methali ile ni ya waliopona. Sijapata kuisikia kinywani mwa aliyefiwa. Huisikia kwa mwenye kosa, anapotaka tugange yajayo ili asiulizwe yaliyopita.

Kaka alikifunga kitabu. "Nipe vyote," akasema. "Chama kinavinunua. Jumamosi ni jubilei yetu, kila mgeni atakikuta mezani."

Bi Ramani alikuwa ameyainamia maboksi akiyafunga kamba. Laiti angeinua uso akamtazama. Lakini kwa mazoea ya kazi aliisikia sauti ya nduguye tu, akaiamini, akafunga hadi boksi la mwisho.

Jumamosi alivaa gauni lake jema. Juu ya kila meza aliona kijitabu kile kile cha zamani, kimechapwa upya kwa karatasi ya kung'aa. Alizunguka ukumbi mzima kabla hajamfikia kakake.

"Vitabu vyangu viko wapi?"

"Vimenunuliwa, dada. Mtu akinunua kitu, si chake?"

"Viko wapi, kaka?"

"Usinitie aibu mbele ya wageni."

Mlinzi ndiye aliyemwambia: viko ghalani, chini ya matairi makuukuu. Zamani walioogopa kitabu walikichoma, na moshi ukawatangaza kwa majirani. Siku hizi hukinunua, wakapewa na risiti, na mwandishi akaonekana amefanikiwa. Sheria haina jina la wizi huo, na ni aibu yetu sote kwamba haina.

Fedha alizolipwa zilikwisha kulipia deni la mpiga chapa, na uwezo wa kuchapa mara ya pili hakuwa nao. Alibaki na nakala ya majaribio peke yake, ambayo jalada lake lilikuwa limebandikwa kichwa chini. Aliichukua hadi machimboni, kwa mjane aliyefiwa na mume na mtoto siku moja, ambaye hadi leo anaponda kokoto karibu na kona ile.

"Nisomee wewe, dada yangu," mjane alisema. "Vumbi hili limekwisha kuninyang'anya macho."

Bi Ramani akaketi juu ya kokoto, akainamisha kichwa, akasoma kwa sauti ile ile ya zamani, kavu, bila kutazama kando. Nyundo ikatulia.

"Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye utepe."

Akarudia.

"Kwa hiyo hakuvuka."

"Hakuvuka. Alisimama walipomweka."

Mjane aliiweka nyundo chini. "Nimemlaani mume wangu miaka yote hii," akasema. "Hata kaburini nilikuwa nakwenda kumgombeza. Kila siku namuuliza, ulivuka na mwanangu kutafuta nini?"

Bi Ramani akashika ncha ya ukurasa ili augeuze, kama alivyozoea kila kona inapopitwa. Lakini mkono wa mjane, mweupe kwa vumbi, uliulalia ukurasa ule na haukuondoka.