Seva ya Kaka Kule Ruangwa

Kaka yangu alifariki msimu wa kuokota korosho. Alianguka msikitini Ruangwa akisubiri swala ya alasiri, na tulipofika kutoka Nachingwea walikuwa wameshamwosha. Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta, tangu nikiwa binti ninayeogopa kubonyeza kitufe nisije nikaharibu mali ya watu.

Leo ninafundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi hapa Nachingwea. Mashine zetu ni kuukuu na zinatumia mfumo endeshi wa Linux, aliouweka kaka mwenyewe. Mwanzoni kusasisha programu kulitutesa sana. Seva, zile kompyuta kubwa tulikokuwa tunapakua programu, zilikuwa ng'ambo, na mtandao wetu ulikata kila kazi ikifika katikati. Basi kaka akatengeneza seva yake. Chumba chake cha kazi nyumbani kwake Ruangwa kilikuwa na laini nzuri ya mtandao wa mkongo, akaweka humo kompyuta moja ikusanye programu mpya taratibu na kuzitunza. Akaipa jina lake, na mashine zetu zikawa zinachukua humo. Akaniambia, "Ikigoma nipigie mimi, usihangaike na Wazungu."

Wiki chache baada ya mazishi, ikagoma. Kila mashine niliyoisasisha ilingoja, ikangoja, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kuifikia seva. Ningeweza kujua papo hapo kwamba ni seva ya kaka iliyozimika. Lakini nilianza kutafuta kosa kwetu. Nilichomoa nyaya nikazirudisha. Nilizima modemu na kuiwasha. Nilifungua tovuti nyingine, zikafunguka bila shida. Nikaijaribu anwani ya seva ya kaka peke yake: jina lake lilikuwa bado linatambulika kwenye mtandao, ila hakuna kilichojibu. Nilirudia jaribio hilo asubuhi nzima, na wanafunzi wangu wakawa wananitazama tu.

Mwalimu mwenzangu alinishauri nifute ile anwani niweke nyingine. Kazi ya dakika moja, alisema, na alisema kweli. Nikamwambia huenda umeme umekatika kule. Siku ya Jumamosi nikapanda basi kwenda Ruangwa.

Nilimkuta wifi yangu ndani, yuko edani, amejifunga kanga nyeupe. Alikuwa amekonda. Tuliulizana habari za nyumbani, akanieleza kwamba korosho za kaka zinaokotwa na majirani, na kwamba watoto wamerudi shule. Nilishindwa nianzie wapi. Mwishowe nikamwuliza kama kule kwenye chumba cha kazi umeme upo.

"Umeme upo," akasema. "Ile kompyuta nimeizima mimi, wifi. Ule mvumo wa feni yake. Naamka alfajiri nausikia, najisemea mume wangu kashaanza kazi. Nilishawasha jiko nimpelekee chai, ndipo nikakumbuka."

 Akafuta macho na kuniambia kwamba kama chuo kinaihitaji, niingie niiwashe, yeye atazoea.

Niliingia. Kiti cha kaka kilikuwa kimesogezwa ukutani na kompyuta imefunikwa kwa kitambaa safi. Nilikuwa nimetoka Nachingwea nimedhamiria kuiwasha. Ningesikia inavuma, ningerudi darasani na kuona jina lake likipita kwenye kioo kila programu inapoteremka. Lakini kupitia ukuta nilimsikia wifi yangu akikohoa, chumba cha pili, kitandani walipokuwa wakilala wote wawili. Nikatoka nikafunga mlango. Nikamwambia iache, sisi tutatafuta njia nyingine. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka ilipokaribia saa ya basi.

Jumatatu nilifungua faili la anwani za seva, nikaifuta ya kaka, nikaandika ya mbali.  Upakuaji ulikata, nikauanzisha upya, ukakata tena. Kufikia mchana mashine zote zilikuwa zimesasishwa na wanafunzi wakaendelea na somo.

Mwalimu mwenzangu akaniuliza tatizo lilikuwa nini. Nikamjibu kwamba seva imezimwa. Akasema si kitu, seva ziko nyingi. Hakuwa na nia mbaya. Nilitoka nje, nikaenda kukaa nyuma ya karakana ya useremala, ambako watu hawapiti, nikalia jinsi ambavyo sikuweza kulia msibani.