Zizi Juu ya Ziwa

Mtu akinisifia matikiti ya kaka yangu, naondoka nisije nikasema lisilosemeka.

Shamba lake liko kwenye mteremko unaoshukia ziwa letu dogo, upande wa Kirongwe. Juu kabisa, chini ya minazi, amefunga ng'ombe. Zamani, kati ya shamba na maji, palikuwa na mikindu na matete yaliyoshonana. Mama na wanawake wenzake walikata ukindu wa mikeka humo, na hawakukubali mtu aingie na panga. Mvua ikinyesha, uchafu ulinasa kwenye matete, maji yakafika ziwani yamechujika. Kaka akafyeka yote apate matuta zaidi.

Masika yaliyofuata, samadi na mbolea ya dukani vikateremka moja kwa moja. Ziwa likawa kijani, zito, lina utando na linanuka. Kambale wakaelea. Watu wakaitana kusafisha, na unajua walisafisha nini? Matete ya ng'ambo, yaliyokuwa yamesalia! Eti ndiyo yanayoozesha maji. Nilipowakataza walinicheka, wakasema nimekaa Kilindoni siku nyingi, nimesahau kwetu. Nilitamani niwanyang'anye mapanga mmoja mmoja.

Mimi nikabaki na ndoo. Kisima cha maji matamu kiko mbali, na mama hataki kukosa maji ya udhu. Adhuhuri moja nimeitua ndoo uani, shingo inauma, kaka amekaa barazani anakula tikiti. Akasema najitesa bure, mama angetawadha maji ya ziwa tu. Kisha akajitia ushehe.

"Maji mengi hayanajisiki," akasema.

Nilifungua kinywa nimtukane. Mama, aliyekuwa anakunja mikono ya kanzu yake, akaniwahi.

"Uliyofundishwa chuoni yaliishia hapo?" akamuuliza. "Hayanajisiki mpaka najisi iyageuze rangi, au ladha, au harufu. Mavi ya ng'ombe wako yameyageuza yote matatu."

Kaka akacheka kidogo, akasema mvua zikiisha yatatakata.

"Baba yako alioshwa kwa maji ya ziwa lile," mama akasema, wala hakupandisha sauti. "Mimi nikifa, kachoteni mbali. Humo msinioshe."

Kaka aliliweka tikiti chini. Mama akatawadha, akaingia ndani kusali, akatuacha tunatazamana. Sikumwonea huruma hata chembe.

Alasiri ile kaka aliwaswaga ng'ombe hadi ng'ambo ya barabara, mbali na ziwa. Siku zilizofuata alipandikiza matete pale alipofyeka, na mengine yameshika. Maji bado kijani. Ndoo ya mama sasa anaibeba kaka kutoka kisimani. Kwetu ukikutana na ndugu yako amelemewa na mzigo, unampokea.

Mimi simpokei.